Wakuu, neno "empathy" kwa Kiswahili tunalisemaje?

Habari zenu wakuu. Nipo hapa Mbagala, nimepewa kijitabu cha mafunzo ya wauguzi nikitafsiri, nimekwama kwenye neno moja tu: empathy.

Bosi kaweka "huruma". Mimi nagoma. Huruma naiona ni ya mtu aliye pembeni: namkuta ombaomba Kariakoo, namwonea huruma, nampa mia mbili, napita zangu. Hiyo iko karibu zaidi na sympathy. Empathy ni kuyahisi ya mwenzio kana kwamba yamekupata wewe, hata kama hutoi senti. Na si machungu tu, hata furaha yake.

Neno lenyewe wala si la kale. Mwanasaikolojia Edward Titchener alilitunga mwaka 1909 kutokana na Einfühlung la Kijerumani, yaani kujitia ndani kwa hisia. Sisi tuna "adhabu ya kaburi aijuaye maiti", kama vile tulishakata tamaa mapema!

Nimejaribu "uelewa wa hisia", naona kavu. Sentensi inayonitesa: "Muuguzi awe na … kwa mgonjwa." Mngeweka nini hapo? Nakabidhi kazi Ijumaa.