Eti ninaficha makayabo, samaki wa chumvi! Huyu mkubwa amenichosha

Binti_Kampemba: Bandugu, mikono bado inatetemeka. Kikao kimeisha sasa hivi. Yule mkubwa wetu wa Kinshasa, mnamjua, yule wa "timu moja, familia moja", amenifedhehesha mbele ya watu 14. Amesema: "Dada wa Lubumbashi, washa kamera, au unatuficha makayabo?" Makayabo! Mimi! Wakacheka wote, hata yule kijana wa Matadi aliyeingia kazini juzi, na mimi ndiye niliyemfundisha kujaza ripoti.

Kamera niliiwasha! Kikao amekiweka saa kumi na mbili jioni, saa ya Kinshasa. Kwetu hapa ni saa moja, giza totoro, umeme umekatika tangu mchana. Alitaka aone nini, meno yangu? Miaka miwili namwambia sisi tuko mbele kwa saa moja, anajibu "sawa sawa", kesho yake ananipigia nikiwa mezani na bukari, ugali wetu wa mchana, kwake bado asubuhi.

Na mega za intaneti nanunua mwenyewe. Video inazila kama nzige shambani. Nimeomba nirudishiwe faranga zangu, akanitumia picha ya jua linalochomoza: "Mshindi halalamiki." Kila Jumatatu picha! Ninazo za kufungulia duka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Ripoti tatu nimezimaliza kabla ya siku yake. Asante hakusema. Amesema makayabo.

Mbele ya watu 14, bandugu.

Fundi_Katuba: Swali moja. Makayabo yalikuwepo au hayakuwepo?

Binti_Kampemba: Shangazi alikuwa anakaanga jikoni. Yeye inamhusu nini?

Fundi_Katuba: Kumbe yalikuwepo! Pua gani hiyo, inasikia harufu kutoka Kinshasa!

Mtu_wa_Ruashi: Wewe umetaniwa tu unalia. Wangu anataka tuandike "nipo" kwenye kundi kila nusu saa, kama walinzi wa usiku. Jana nilikuwa chooni, akanikata mshahara wa siku nzima.

Binti_Kampemba: Choo chako hakikuchekwa na watu 14.

Mama_Kamalondo: Mnagombana bure, shida ni umeme. Waya wa umeme wa bwawa la Inga unakuja mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, kwa ajili ya migodi. Sisi majirani zao tunanunua mishumaa.

Mtu_wa_Ruashi: Mama, wewe kila uzi ni Inga.

Mama_Kamalondo: Nitanyamaza siku friji yangu itakapogandisha. Wiki hii nimetupa samaki sufuria nzima.

Fundi_Katuba: Nina paneli ya jua na betri yake, nauza. Hazijamaliza mwaka.

Mama_Kamalondo: Zinaendesha friji?

Fundi_Katuba: Taa nne, televisheni na simu. Friji hapana.

Binti_Kampemba: Lakini jamani, mpaka yule wa Matadi!

Mama_Kamalondo: Fundi, bei gani?