Nishani ya fedha ndani ya kasha la bibi: ya vita gani?

Mtoto wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Bibi yetu alipofariki tulifungua kasha lake, na chini kabisa, imefungwa kwenye kipande cha kanga, ikatoka nishani ya fedha. Upande mmoja malkia kajitanda ushungi, upande mwengine askari wanapigana msituni. Utepe wa manjano wenye mistari myeusi umeliwa na mende. Ami yangu kashikilia: "Kapewa babu yangu, kapigana vita vya dakika arubaini." Lakini ukingoni pana jina la Kizungu na cheo cha luteni, na huyo baba yake bibi tunavyojua alikuwa dobi wa Wazungu, Vuga. Nani anaelewa mambo haya? Sitaki kumkatalia mtu mzima bila ya uhakika.

Mzee wa Malindi
Waalaykum salaam mwanangu. Hivyo vita vya dakika arubaini, manowari za Waingereza zilipolipiga jumba la Sultani hapa Unguja 27 Agosti 1896, wakubwa walitunukiwa na Sayyid Hamoud mwenyewe, Sultani aliyewekwa na Waingereza: Admirali Rawson, mkubwa wa manowari hizo, alipewa Nyota ya Zanzibar, na Raikes, Mwingereza aliyeongoza askari 900 wa Zanzibar waliokuwa upande wao, naye akapata yake. Hiyo yako siyo. Malkia Victoria mwenye ushungi na vita vya msituni ni nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi, ya misafara ya 1887 mpaka 1900. Juu yake, kwenye utepe, huwa pana kijibao cha fedha chenye jina la vita. Yako inacho? Kama haina, tazama ukingo karibu na kishikio. Na tafadhali usiisugue kwa majivu na ndimu, utafuta maandishi.

Mtoto wa Kikwajuni
Kijibao hamna. Nimevaa miwani ya bibi juu ya yangu, nikaisogeza dirishani. Naam! Herufi nyembamba kama nywele: MWELE 1895.

Binti wa Gazi
Mwele ni kwetu huku Kenya, bara ya Gazi, kusini ya Mombasa! Ndiyo ngome ya Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui. Ugomvi ulianzia Takaungu, Mazrui wakigombania nani akae kitini, Waingereza wakajitia kati, Mbaruk akakataa kuwatii. Agosti 1895 Rawson akapanda na mabaharia wake, pamoja na Mathews, waziri Mwingereza wa Sultani, na askari kutoka Unguja. Tarehe 17 ngome ikavunjwa, Mathews akajeruhiwa bega. Mbaruk hawakumpata, Aprili mwaka uliofuata akavukia upande wa Wajarumani.

Mzee wa Malindi
Ahsante binti. Na Rawson huyo huyo, na manowari yake hiyo hiyo St George, mwaka mmoja baadaye ndiyo iliyokuja kuongoza manowari zilizolipiga jumba la Sultani hapa Forodhani. Kwa hivyo ami hakukosea sana, kapishana na mwaka tu na bahari. Ila mwenye nishani ni huyo luteni. Ya mtu huandikwa jina la mtu.

Mtoto wa Kikwajuni
Nimemsomea ami yote haya barazani. Kanyamaza mpaka kahawa ikapoa. Halafu kaniuliza: "Koti la Mzungu likija kufuliwa, vitu vya kifuani nani anavitoa?" Nikamwambia dobi. "Na Mzungu akipanda meli asirudi kulichukua?"

Kaifunga tena kwenye kanga, kairudisha kashani. Ufunguo kauweka mfukoni mwake.