Bonaire, Cozumel au Maldives: wapi kwa likizo ya kupiga mbizi?

ChezaNaMaji: Wakuu, mimi na mke wangu tunataka likizo ya wiki moja kisiwani. Mimi napiga mbizi na mtungi wa hewa, cheti ni cha ngazi ya kwanza, yaani mwisho wangu mita 18. Yeye hazamii, anaelea juu na miwani na bomba la kupumulia. Tumebakiwa na visiwa vya sehemu tatu: Bonaire ya Karibi, Cozumel ya Mexico na Maldives ya Bahari ya Hindi. Picha tumeshaangalia za kutosha. Nielezeni tofauti ukiwa majini.

Kasa_Mzee: Bonaire, bila kupepesa macho. Huko hungoji boti ya mtu. Mawe ya njano kando ya barabara yanaonyesha pa kuingilia: unaegesha gari, unavaa mtungi, unaingia kwa miguu. Upande wa magharibi umekingwa na upepo na mwamba wa matumbawe uko karibu na pwani, kwa hiyo mkeo ataelea juu ya matumbawe yaleyale unayoyazamia. Bahari inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979. Kutia nanga kwenye matumbawe ni marufuku, glovu pia. Utalipa ada, utapewa maelekezo, kisha mbizi ya kwanza ni ya kukuangalia unavyoelea. Wapo wanaonung'unikia hilo. Mimi naona bila hilo mapezi ya kuogelea wanayovaa wageni miguuni yangeshamaliza mwamba. Ila vaa viatu vya soli ngumu, unakanyaga mawe na vipande vya matumbawe makavu.

MkondoKusini: Mzee namheshimu, lakini kubeba mtungi juani ukiyumba kwenye mawe ndiyo likizo gani? Cozumel boti inakushusha, mkondo unakuchukua kando ya kuta za matumbawe za Palancar au Santa Rosa, boti inakufuata na kukuokota mbele. Humalizi hewa upesi kwa sababu hupambani na maji. Ubaya wake, ukimwona samaki wa kukutoa macho, umeshampita. Halafu angalia tarehe: msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Bonaire hukumbwa mara chache, hilo nakubali.

Potwe: Na Maldives mnaisahau? Papa na manta, wale samaki taa wakubwa, kwenye milango ya atoli, yaani mapengo ya duara la visiwa vya matumbawe, unalala kwenye boti na kuamkia mwamba mpya kila asubuhi!

Kasa_Mzee: Potwe, soma swali. Milango hiyo ina mikondo mikali na mbizi nyingi zake zinakwenda hadi karibu mita 30. Mtu wa mita 18 atabaki anachungulia. Na mke asiyezamia afanye nini kwenye boti ya wazamiaji wiki nzima?

Potwe: Si lazima walale kwenye boti. Wakae kisiwani, atoli ya Baa. Ghuba ya Hanifaru mitungi hairuhusiwi kabisa, manta wanakula juu juu, na wanakusanyika zaidi kuanzia Mei hadi Novemba, wakati wa kusi. Hapo mke ndiye atakayefaidi.

ChezaNaMaji: Hiyo sikuijua, mke amefurahi kusikia. Ila msimu huo bahari si inachafuka?

Potwe: Mvua na upepo vipo, na maji huwa na ukungu. Ukungu huo ni viumbe vidogo mno, ndio chakula cha manta. Ukitaka maji angavu nenda wakati wa kaskazi, manta wa Hanifaru uwasahau.

Tulia: Popote mtakapokwenda, hesabu siku ya ndege. Baada ya mbizi za siku kadhaa, ushauri wa kawaida ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka, nitrojeni itoke mwilini. Nitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, haifuti kanuni hiyo, hata kama muuzaji atakuchangamkia. Kwa hiyo siku ya mwisho iwe ya mke.

ChezaNaMaji: Basi ni Bonaire. Maldives ingoje cheti cha pili. MkondoKusini usininunie.

MkondoKusini: Sinuni. Ukiingia kwa miguu, anza kwa kwenda dhidi ya mkondo, urudi ukisukumwa nao. Na boya la kuonyesha ulipo uwe nalo, boti zinapita hata huko.