Mrejesho: maswali ya mkweli na mwongo

Wakuu, niliomba mbinu za maswali ya mkweli na mwongo (mkweli husema kweli daima, mwongo hudanganya daima, nawe utambue nani ni nani) kwa ajili ya mtihani wa kujiunga na chuo. Asanteni sana. Uliofanya kazi ni ushauri wa kumshika mtu mmoja, kudhani ni mkweli, kisha kudhani ni mwongo. Lilikuja hili: A anasema B ni mwongo, B anasema A na C ni wa aina moja; je, C ni nani? A akiwa mkweli, C ni mwongo. A akiwa mwongo, C bado ni mwongo! A mwenyewe hajulikani, wala hakuulizwa. Kuchora jedwali zima la kila uwezekano kunakula muda, niliacha. Yale yenye aina ya tatu ya mtu, kigeugeu (mara husema kweli, mara hudanganya), yalinishinda, nikabahatisha. Nafasi nimepata.