Meza ya Mwanaidi

Mwanaidi: Asalam aleikum familia. Jana jirani yangu huku Virginia anahama, anauza vitu vyake nje ya nyumba, nikaiona hii meza ya sebuleni nikashindwa kuiacha, dola 35 tu 😍😍

Hamisi: Waaleikum salaam dada. Nzuri ila imechoka, piga msasa yote afu spray nyeupe itakaa kisasa

Shangazi Tatu: Nyeupe ya nini jamani, hiyo rangi ya mbao ndo uzuri wenyewe

Baba Mdogo: Mwanaidi USIGUSE MSASA. Ipindue kwanza nione chini

Mwanaidi: Shikamoo baba mdogo. Imeandikwa Lane, Altavista, Virginia, na namba 167021. Jirani kanambia hao Lane namba walikuwa wanaipiga kinyumenyume, ukiisoma toka mwisho ndo tarehe ya kiwandani

Hamisi: 120761... tarehe 12 mwezi wa 7, 1961

Mwanaidi: Hapana mdogo wangu, huku wanaanza na mwezi. Ni 7 Desemba 1961

Shangazi Tatu: Subhanallah! Siku mbili kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Mimi nipo mgongoni kwa marehemu bibi yenu bado nanyonya

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Sasa sikiliza, hiyo ni mbao ya mti wa walnut, na angalia pale kwenye kona mbao nyeusi na nyeupe zilivyoumana meno, hiyo ni kazi ya mtu aliyetulia. Juu inaonekana ni vinia, kigamba chembamba cha mbao kimegandishwa, ukipeleka msasa wa mashine dakika moja umeshakitoboa na hakirudi

Mwanaidi: Na haya maduara ya vikombe??

Baba Mdogo: Meupe au meusi?

Mwanaidi: Meupe

Baba Mdogo: Alhamdulillah. Meupe ni unyevu umenasa kwenye vanishi haujafika kwenye mbao, lingekuwa jeusi ndo maji yameshaingia. Weka kitambaa cha pamba kikavu, pasi ya moto mdogo kabisa bila mvuke, sekunde chache tu inua uangalie, rudia polepole

Mwanaidi: Baba mdogo limetoka!!! 😭 moja limebaki kivuli tu, mengine nayafanya kesho

Hamisi: Duh, na mimi ningeshaipaka rangi

Baba Mdogo: Kesho kukipambazuka nipimie urefu, upana na kimo, na yale meno uyapige picha kwa karibu sana. Nina mbao za mtiki wa Longuza zimekauka vizuri, nataka nimtengenezee shangazi yako kama hiyo

Shangazi Tatu: Mwanaidi mwanangu usisahau hivyo vipimo