Mrejesho: mafundi walionyamaza kila nikiingia

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwaomba ushauri. Nasimamia mafundi sita wa kushona sare za shule. Nikiingia tu wananyamaza, na wawili walikuwa wameshaacha kazi.

Mmoja wenu alinielekeza Dirisha la Johari, mchoro wa kujitambua wa wanasaikolojia wa Marekani Joseph Luft na Harrington Ingham, wa mwaka 1955. Lina vyumba vinne, kutegemea jambo lako unalijua mwenyewe au la, na wenzako wanalijua au la. Kilichonigusa ni kile cha mambo ambayo wenzako wanayaona kwako lakini mwenyewe huyaoni.

Nikamfuata fundi wetu mkongwe, mama mtu mzima, nikamwomba aniambie ukweli. Akanyamaza, akainyoosha kola aliyokuwa anashona, kisha akasema: "Bosi, unatunyang'anya nguo mikononi."

Ni kweli. Nikiona mshono umepinda naivuta nguo hata cherehani haijasimama, naifumua mbele ya wateja. Mimi nilidhani nafundisha, wao walikuwa wanadhalilika. Imeniuma sana.

Siku hizi nguo yenye kasoro naiweka pembeni hadi wateja waondoke, ndipo nauliza: "Hapa ilikuwaje?" Juzi kumbe tatizo lilikuwa uzi, unakatika ovyo, na uzi huo niliununua mimi. Zamani ningemfokea mtu bure.

Nimempigia mmoja wa walioondoka, nikamwomba radhi. Hajasema atarudi, ila alishukuru. Binti wa vifungo bado ananikwepa, simlazimishi. Asanteni sana.