Naomba ushauri: kayaki kwenye mapango ya Phang Nga, wife haogelei

Wakuu habari za mchana, poleni na majukumu. Niko Dodoma, mwezi wa pili tunaenda Thailand na wife, tunataka siku moja tutokee Phuket tuzunguke ghuba ya Phang Nga kwa kayaki, zile safari mnapita na mwongozaji kwenye mapango ya visiwa vya mawe ya chokaa mnaibukia ndani kwenye maji yaliyozungukwa na kuta za mwamba na mikoko, ni pazuri sana jamani.

Sasa wife hajui kuogelea kabisa, maji mengi kayaona Bwawa la Mtera, na sehemu za giza zinazobana anaziogopa. Kwenye video maji yakipanda kidogo mnalala chali mwamba unapita juu ya pua, mwanga ni tochi tu. Nimewaandikia wenye safari wamejibu mwongozaji ndo anapiga kasia na laifu jaketi zipo, ila kuhusu maji kupwa na kujaa wanasema itategemea siku hiyo.

Waliowahi kwenda, akishindwa pangoni anaruhusiwa kubaki boti kubwa? Na nyie wa pwani, tarehe nichague siku za bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo)?